Tuachieni Alhamisi Yetu

Tunaandika insha hii tukiwa watu kumi na mmoja wa usharika mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Mmoja ni mwalimu mstaafu na ndiye aliyeshika kalamu, lakini kila neno tumelikubali sote kabla halijaandikwa. Tunaandika kwa sababu tuna hoja na kanisa letu, na kanisa likiwa ni mama, halimfukuzi mtoto mezani kwa kuwa amesema.

Hoja yetu ni hii: kanisa limejifunza kututhamini kwa kile tunachozalisha, na limesahau kwamba Mungu hakutuumba tuwe shamba tu. Tukikaa saa mbili kwa wiki tukifuma kitambaa, tukisuka mkeka, tukinywa chai na kucheka, tunaulizwa: hiyo inaingiza shilingi ngapi? Swali hilo limeingia kanisani likiwa limevaa koti la busara, nasi tunasema halina busara. Limetuumiza, na hapa tutaeleza lilivyotuumiza.

Kwanza tueleze Alhamisi yetu ilikuwa nini. Miaka kadhaa iliyopita akina mama watatu walizoea kufika mapema kanisani, wakikaa chini ya mwembe ulio kando ya ukumbi kusubiri mazoezi ya kwaya. Mmoja alikuja na uzi na sindano ya kroshia. Wa pili akaomba afundishwe. Wa tatu alikuwa mtu wa Pwani. Akaja na miyaa iliyotiwa rangi, akaanza kusuka ukili. Baada ya miezi michache tulikuwa kumi na wawili, na tukahamia siku ya Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akajiunga, akawa anachonga miiko. Mwingine akaja na vikapu. Kulikuwa na chai ya tangawizi, na mihogo ya kuchemsha kwa yeyote aliyekuja nayo. Hapakuwa na mwenyekiti, hapakuwa na mhasibu, hapakuwa na muhtasari wa kikao.

Msomaji anayeujua usharika wa mjini atajua jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni. Jumatatu ni kamati. Jumanne ni mazoezi ya kwaya. Jumatano ni jumuiya. Ijumaa ni maombi. Jumamosi ni usafi wa kanisa na mazoezi tena. Jumapili ni ibada, kisha mnada, kisha vikao viwili au vitatu, na katikati ya hayo yote bahasha za ahadi na michango ya ujenzi. Hatusemi mambo hayo ni mabaya. Wengi wetu ndio tunaoyabeba. Tunasema kwamba katika wiki nzima Alhamisi ilikuwa saa pekee ambayo kanisa halikutudai kitu. Tulikuja kwa sababu tulipenda kuja.

Kisha ukaja mradi. Waliouleta hawakuwa na nia mbaya, nasi hatutawasingizia. Waliona vitambaa vyetu vizuri, wakaona usharika una paa la kumalizia, wakaunganisha mambo mawili. Tukapewa daftari. Kila mmoja afume vitambaa viwili kwa wiki, saizi ileile, rangi tatu zinazouzika. Apatikane katibu. Taarifa isomwe kila mwezi. Nasi, tukiri wazi, tulipiga makofi. Tulijiona sasa tumekuwa watu wa maana.

Kati yetu alikuwepo bibi mmoja mjane, macho yake yamechoka. Vitambaa vyake vilipinda, kona moja ndefu na nyingine fupi, na alichanganya rangi kadiri uzi ulivyopatikana. Kabla ya mradi tulivisifu, naye alivigawa: kimoja kwa mtoto aliyebatizwa, kimoja kwa mgonjwa, kimoja cha kufunikia mtungi wa jirani. Baada ya mradi vilihesabiwa, vikawekwa pembeni. Havina soko. Baraza la wazee halikuwepo siku hiyo. Tuliosema maneno hayo ni sisi. Alhamisi ya pili yake hakuja. Ya tatu hakuja. Hatukwenda kumwuliza, kwa kuwa tulikuwa na vitambaa kumi na vinne vya kukamilisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Mtoto wa jirani ndiye aliyemkuta. Alikuwa amelala na homa siku nne, maji yameisha ndani ya nyumba. Mungu alimhurumia, akapona, na leo yuko nasi. Lakini tulipokaa kitandani pake tulielewa jambo ambalo hakuna daftari lililotuonyesha. Zamani asingeweza kukosa Alhamisi hata moja bila mtu kupita kwake jioni ileile. Kufuma kulikuwa kumetufanya tuonane, na tulipokugeuza kuwa kiwanda, macho yetu yalihamia kwenye hesabu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma Biblia kwa swali moja: je, Mungu anapenda kitu kizuri kisichouzwa? Tumepata majibu mengi kuliko tulivyotarajia.

Fungueni Kutoka sura ya 31. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema Mungu alimjaza Roho wake ni Bezaleli wa kabila la Yuda. Hakuwa nabii wala kuhani wala mfalme. Alikuwa fundi. Alijazwa Roho ili abuni na kutengeneza kwa dhahabu, fedha, shaba, vito na miti. Pamoja naye aliwekwa Oholiabu wa kabila la Dani, ambaye sura ya 38 inamtaja kuwa fundi wa kutarizi. Sura ya 35 inawataja wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao na kuzileta. Watu hao walikuwa jangwani, wakiishi katika mahema, wakila mana. Kama kuna watu ambao wangeweza kusema sasa si wakati wa mapambo, ni wao.

Halafu rudini sura ya 28, pale Mungu anapoeleza vazi la Haruni. Kwenye pindo la joho anaagiza kengele za dhahabu, na kati ya kengele na kengele anaagiza komamanga. Si komamanga la kuliwa. Ni komamanga la nyuzi, la rangi ya buluu, zambarau na nyekundu. Kengele zilikuwa na kazi, zisikike kuhani anapoingia na kutoka. Komamanga la nyuzi halikuliwa, halikulia, halikuuzwa. Maandiko yanasema mavazi hayo yalikuwa kwa ajili ya utukufu na uzuri. Basi yuko mama mmoja au fundi mmoja katika jangwa la Sinai aliyekaa chini siku nzima akikunja uzi uwe tunda, kwa sababu Mungu alitaka tunda la uzi kwenye pindo. Tungependa kuona ni nani angempelekea mtu huyo daftari.

Wanaotupinga wana hoja tatu nzito, na tutazijibu moja moja.

Ya kwanza ni umaskini. Wanasema: ninyi si matajiri, watoto wenu wanadaiwa ada, mnawezaje kukaa mkifuma kitu msichouza? Mambo ya kujifurahisha ni ya watu wenye nafasi.

Tunaijua hoja hiyo kwa sababu tumelala nayo. Yuko kati yetu anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Yuko anayefua nguo za watu. Hatukatai kuuza, vitambaa vyetu vimenunuliwa mara nyingi kwenye mnada baada ya ibada, na tuliona fahari. Tunachokataa ni kwamba maskini hana haki ya saa hata moja isiyo na bei. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Mungu anapoamuru Sabato anatoa sababu yake: kumbukeni mlikuwa watumwa Misri. Pumziko lilipewa kwanza watu waliokuwa wakihesabiwa matofali kila jioni. Farao alipoombwa siku chache za ibada jangwani alijibu kwamba watu hao ni wavivu, akaondoa majani na kuacha idadi ya matofali palepale. Hayo yako Kutoka sura ya 5. Kwa hiyo anayemwambia maskini kuwa kupumzika si kwake ajue ni sauti ya nani anayoirudia. Mama wa vitumbua alilisema vizuri kuliko sisi: siku zote nafukuzwa na moto, na wateja, na deni, Alhamisi ndiyo saa ninayokaa bila kufukuzwa.

Tena tuwakumbuke bibi zetu. Hawakuwa na fedha kuliko sisi, lakini nendeni mkaone walichoacha. Vikapu vya milulu vya Iringa vina mistari na pembetatu zilizosukwa kwa uzi wenye rangi. Vyondo vya mkonge vya Ukambani, Kenya, vina mapambo yanayozunguka kutoka chini hadi mdomoni. Mikeka ya ukindu ya Pwani ina nakshi ambazo msukaji huanza kuzipanga tangu anapotia miyaa rangi. Kikapu kisicho na nakshi hubeba mahindi yaleyale. Mkeka mweupe mtupu hulaliwa vilevile. Waliongeza nakshi baada ya kulima, kutwanga na kuteka maji, kwa kuwa walijua mtu hali mahindi peke yake. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tunaongeza kwamba aliyeunda alipenda kuunda.

Hoja ya pili ni uvivu. Tunasomewa Mithali sura ya 6, tuende kwa chungu tukajifunze. Tunasomewa pia barua ya pili kwa Wathesalonike, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile.

Tunakubali maandiko hayo yote, lakini hatukubali kwamba yanatuhusu sisi wa Alhamisi. Aliyesuka ukili anajua. Mkeka hausukwi kama mkeka. Husukwa utepe mrefu mwembamba, pima baada ya pima, kisha utepe huo hushonwa ukizungushwa hadi upatikane upana. Ukikosea mwanzoni utaona kosa lako likikufuata hadi mwisho, na itabidi ufumue. Mvivu hafumui. Aliyeandika barua ile kwa Wathesalonike, Mtume Paulo, alikuwa fundi wa mahema na alifanya kazi hiyo Korintho pamoja na Akila na Prisila, kama Matendo sura ya 18 inavyosema. Mikono yake ilijua sindano. Wala hatudhani kwamba siku zile watatu hao walikaa kimya wakishona bila kuzungumza.

Tunao pia ushahidi wa nyumbani kwetu, sisi Walutheri. Mwaka 1527 ulikuwa mgumu kwa Martin Luther: aliugua vibaya, roho yake ikazama, na tauni ikaingia mji wake wa Wittenberg. Mwanzoni mwa mwaka huohuo alikuwa amemwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link wa Nürnberg amtafutie zana za kukerezea mbao, kwa sababu yeye na mtumishi wake walikuwa wamekwisha kuanza kujifunza ufundi huo. Alimwagiza pia mbegu za bustani. Ni kweli alisema kwamba siku ulimwengu ukikataa kumlisha kwa ajili ya Neno, atakula kwa mikono yake. Lakini ulimwengu haukukataa, na bustani iliendelea, na luti yake, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, iliendelea kupigwa. Mtu aliyekuwa akitafsiri Biblia na kubishana na wakuu wa Ulaya alipata muda wa mbegu na mbao. Kwetu sisi tunaambiwa hakuna nafasi, kamati ya ujenzi inakaa.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi, kwa kuwa inasemwa kwa sauti ya kiroho. Wanasema: saa hizo mbili mngezitumia kuomba. Mariamu aliketi miguuni pa Yesu. Ninyi mmekaa na Martha na mashughuliko yake.

Wapendwa, someni tena Luka sura ya 10. Yesu hakumkemea Martha kwa kuwa alishika sufuria. Alimwambia kwamba anasumbuka na kuhangaika kwa mambo mengi. Sasa tazameni ratiba tuliyoitaja hapo juu, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kisha mtuambie Martha anaishi wapi siku hizi. Anaishi ofisini mwa usharika. Anabeba daftari la ahadi. Amechoka, na amekasirika kwamba wengine wamekaa. Sisi chini ya mwembe ndio tulioketi. Na mikono ikiwa na kazi ndogo ya kurudiarudia, moyo hupata utulivu wa kusema yasiyosemwa kwenye vikao. Pale ndipo dada mmoja alipotueleza, akiangalia uzi wake wala si nyuso zetu, kwamba mumewe anampiga. Pale ndipo mzee wa reli alipomlilia mwanawe kwa mara ya kwanza, miaka sita tangu amzike. Hatukuwa tumepanga maombi, lakini tuliomba, tena kwa majina na kwa machozi.

Kuna habari moja katika Injili ambayo tungependa isomwe kila usharika unapotaka kupanga miradi. Iko Marko sura ya 14. Mwanamke aliingia na chupa ya marhamu ya thamani, akaivunja, akaimimina kichwani pa Yesu. Waliokuwepo walikasirika. Hesabu yao ilikuwa sahihi: marhamu ile ingeuzwa kwa dinari zaidi ya mia tatu, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, yaani karibu mshahara wa mwaka mzima. Wangepewa maskini. Nani angepinga hoja hiyo? Ni hoja nzuri kuliko hata ya paa letu. Lakini Yesu aliwaambia wamwache, amemtendea jambo jema, na kwamba kila mahali Injili itakapohubiriwa tendo lake litatajwa. Hakuwadharau maskini; aliwaambia watakuwa nao siku zote na wanaweza kuwatendea mema wakati wowote watakao. Alikataa tu upendo ugeuzwe bei papo hapo.

Hatujilinganishi na mwanamke yule. Tunajilinganisha na waliokasirika, kwa kuwa tuliposema vitambaa vya bibi yetu havina soko tulisimama upande wao. Kitambaa kilichopinda alichompa mtoto aliyebatizwa kilikuwa marhamu yake. Tulikipigia hesabu.

Tena mtazameni Dorkasi wa Yafa, Matendo sura ya 9. Alipofariki, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakuleta taarifa ya fedha. Walileta nguo, na katika kila nguo kulikuwa na saa alizokaa akiwawaza. Sisi tunajiuliza: siku tukizikwa, watu watashika nini mikononi wakisema hiki alinitengenezea? Au watasoma wasifu wenye orodha ya kamati?

Tunajua kuna wanaocheka: kitambaa cha kiwandani ni bei rahisi sokoni, mwiko wa plastiki upo, mkeka wa nailoni unauzwa kila kona. Kwa nini kupoteza wiki tatu? Tunajibu kwamba wiki tatu hazikupotea. Ziko ndani ya mkeka. Anayeupokea anajua kwamba wakati anasukiwa aliwazwa, na hilo halipatikani dukani kwa bei yoyote. Tena tuseme kweli: wengi wanaotuambia hawana muda wana simu mkononi, na jioni nzima inakwisha wakitazama maisha ya watu wasiowajua. Muda upo. Tumeruhusu kila mtu auchote isipokuwa Mungu, jirani zetu na mikono yetu wenyewe.

Hapa lazima tujigeukie sisi wenyewe, maana insha inayowasema wengine tu ni nusu ya insha. Tulipokuwa tukijadili maneno haya, mmoja wetu aliuliza: Alhamisi saa tisa, nyumbani kwako nani anapika? Tukanyamaza. Nyumba kadhaa jibu lilikuwa ni binti wa kazi, msichana aliyetoka kijijini, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Amri ya Sabato inamtaja mjakazi kwa wazi, na mgeni aliye malangoni, hata ng'ombe na punda. Sisi tulikuwa tunapigania pumziko lililolala juu ya mgongo wa mtoto wa mtu. Tumeona haya. Tumeamua kwamba binti huyo naye atakuwa na jioni yake, na akitaka aje chini ya mwembe akae nasi, asiwe wa kuchemsha chai. Wawili wameshakuja. Mmoja anadarizi kuliko sisi sote.

Wala hatutaki kuigeuza kazi ya mikono kuwa sanamu. Katika ile Kutoka sura ya 31, mara tu Mungu anapomaliza kumtaja Bezaleli na kazi zake anaamuru Sabato. Hata hema lake mwenyewe hakutaka lijengwe siku ya pumziko. Ziko siku ambazo jambo jema ni kuweka sindano chini, kunywa chai ibarazani taratibu, kusikiliza mvua kwenye bati, kucheza bao na mjukuu na kumwacha ashinde. Mhubiri, ambaye hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi, anasema katika sura ya 3 kwamba mtu kula, kunywa na kuona mema katika kazi yake ni karama ya Mungu. Karama haipokewi kwa kukimbia. Na Bwana wetu, aliyekuwa seremala, alianza ishara zake arusini Kana, kwa mitungi sita ya divai, wala si kwa mradi.

Basi tunaomba nini? Tunaomba mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Tunaomba kila usharika uache jioni moja katika wiki bila kikao, bila mazoezi, bila mchango. Isipangiwe kitu. Tunaomba wanaotengeneza vitu kwa mikono yao wasiwekewe idadi. Akitaka kuuza, auze, na fungu la kumi atoe; akitaka kugawa, agawe; akitaka kufumua akaanza upya, amwacheni. Tunaomba watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe na wazee kusuka, kufuma na kuchonga. Bibi zetu walipopokea sindano ya kroshia kutoka kwa wamisionari walikuwa wameshika ukili tayari, na vyote viwili viko hatarini kuishia mikononi mwetu. Tunaomba wanaume wasione haya. Wawili walio nasi wanasema hawajawahi kuongea na watu kiasi hiki tangu wastaafu.

Kwa wachungaji wetu tunaomba neno moja la heshima. Tunajua mnachoka kuliko sisi. Tumewaona mkiondoka kwenye msiba kwenda kwenye kikao, na kutoka kwenye kikao kwenda kwa mgonjwa. Njooni Alhamisi, baba mchungaji, mama mchungaji. Hamtaombwa kufungua kwa neno. Mtapewa kikombe na kigoda.

Daftari la mradi tulilirudisha kwa baraza mwezi uliopita pamoja na fedha zote zilizopatikana na hesabu yake, isipungue hata shilingi mia. Baraza halijatujibu, na baadhi ya wazee wamesikitika. Tunaheshimu sikitiko lao na tutaendelea kuchangia paa kama washarika wengine. Lakini Alhamisi tumeirudisha ilivyokuwa. Wiki iliyopita tulikuwa kumi na watano. Bibi yetu alikaa penye mwanga, upande wa magharibi, akimfumia kofia mtoto ambaye hajazaliwa bado. Upande mmoja umepinda, na ameutia uzi wa kijani kwa kuwa ule mweupe ulikwisha. Tumeshamwambia mama wa mtoto ajiandae, kofia inakuja.